Nani Alikopa kwa Jina la Mtoto Huyu?

Mwaka 2011 Ofisi ya Ulinzi wa Faragha ya jimbo la California, Marekani, ilitoa ripoti fupi ambayo nikiisoma siwezi kuiacha. Maofisa wake walichukua majina ya vijana 2,110 wa kaunti ya Los Angeles, wenye umri wa miaka 16 na 17, waliokuwa wakilelewa chini ya uangalizi wa serikali baada ya kuondolewa kwa wazazi wao. Majina hayo waliyapeleka kwa kampuni tatu zinazotunza kumbukumbu za mikopo nchini humo: Equifax, Experian na TransUnion. Jibu zuri lilikuwa moja tu, kwamba hatumjui mtu huyu. Mtoto hakopeshwi, kwa hiyo faili lake halitakiwi kuwepo kabisa. Lakini kwa vijana 104 faili lilikuwepo, na ndani ya mafaili hayo mlikuwa na akaunti 247. Wastani wa deni kwa akaunti ulikuwa dola 1,811. Akaunti moja ilikuwa ya mkopo wa nyumba uliozidi dola 200,000, umeandikwa kwa jina la mtu ambaye bado hajafikisha umri wa kupiga kura.

Si vigumu kuona inavyotokea. Karibu kila mtoto Marekani ana namba ya hifadhi ya jamii yenye tarakimu tisa, na anayeijua namba hiyo pamoja na tarehe ya kuzaliwa anaweza kufungua laini ya simu, kuunganisha umeme au kuomba kadi ya benki. Mtoto anayeishi kwao, karatasi zake hukaa kwenye kabati moja. Mtoto wa malezi ya kambo karatasi zake husafiri naye: kwa mama, kwa shangazi, kwa mlezi wa kwanza na wa tatu, kwa ofisa ustawi na atakayempokea kazi, shuleni, kliniki, mahakamani. Kila mkono ulioshika karatasi hizo umeiona namba. Wapo ndugu walioitumia kwa sababu umeme ulikuwa umekatwa na jina lao lilikuwa limeshachafuka, na yapo makosa ya kawaida ya tarakimu mbili kupishana. Kwa kijana matokeo ni yaleyale. Maofisa wa California hawakuishia kuhesabu. Waliandikia kampuni na wadai, faili kwa faili, wakieleza kwamba huyu aliyeandikwa hapa alikuwa mtoto na mkataba huu si wake, hadi akaunti hizo zikafutwa. Kazi hiyo, ya barua na viambatanisho, ndiyo ninayoiona kuwa somo la kwanza la fedha kwa vijana hawa, kabla ya bajeti na kabla ya neno lolote kuhusu kuweka akiba.

Nasema hivyo kwa sababu somo wanalopewa mara nyingi ni lingine, la bajeti katika darasa la stadi za maisha. Kijana aliyetoka kwenye malezi ya serikali akifika chuoni, fedha kiasi huwa zipo. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1999, iliyopewa jina la Seneta John Chafee, ndiyo msingi wa ruzuku ya masomo inayofika dola 5,000 kwa mwaka. Aliyekuwa kwenye malezi hayo wakati wowote baada ya kutimiza miaka 13 huhesabiwa kuwa anajitegemea, hivyo kipato cha wazazi hakiulizwi anapoomba msaada wa masomo. Ada ikishakatwa, kinachobaki hupewa mwanafunzi kwa mkupuo mwanzoni mwa muhula, na kinatakiwa kimfikishe Desemba. Desemba mabweni ya vyuo vingi hufungwa na wenzake hurudi kwao. Yeye anatafuta chumba, na mwenye nyumba anataka kuona taarifa yake ya mikopo. Humo mwenye nyumba anaikuta bili ya simu ya wakati kijana akiwa na miaka 11. Hata angekuwa na daftari la bajeti lililopangwa vizuri kuliko la mhasibu, lisingemfungulia mlango huo.

Darasa la stadi za maisha limepimwa, na matokeo yake yalistahili kusikika zaidi. Los Angeles ilikuwa na mafunzo ya wiki tano kwenye vyuo vya jamii kwa vijana wa malezi ya kambo: fedha, ajira, makazi. Watafiti, akiwemo Mark Courtney, waliwagawa vijana kwa bahati nasibu, wengine wakaalikwa darasani na wengine hawakualikwa, kisha wakawafuatilia. Ripoti yao ya mwaka 2008 haikuona tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili. Jimbo la Massachusetts lilikuwa na mpango wa namna nyingine, ambapo ofisa mmoja hukaa na kijana mmoja kwa muda mrefu, akimsaidia kujaza fomu, kupiga simu na kwenda benki. Huko, kwa ripoti ya mwaka 2011, waliopata ofisa wa aina hiyo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuingia chuo na kubaki. Watafiti walikuwa waangalifu: vijana hao pia walichagua kwa wingi kubaki kwenye malezi ya serikali baada ya kutimiza miaka 18, na kutenganisha sababu hizo mbili si rahisi. Kwangu ugumu huo unaeleza jambo lenyewe, maana mtu wa kumtegemea na paa la kulala huja pamoja.

Wapo watakaosema vijana 104 kati ya 2,110 ni asilimia 5 tu, na waliobaki hawana faili lolote. Ni kweli. Lakini kutokuwa na faili nako hakutoshi, kwa sababu mwenye nyumba humwogopa asiye na historia karibu sawa na mwenye historia mbaya. Wenzetu wanaojua hilo vizuri ni vijana wakimbizi waliofika Marekani bila wazazi, wakiwemo Wakongo wanaozungumza Kiswahili, ambao serikali huwaweka kwa walezi wa kambo. Mwanafunzi mwenye wazazi hutoka kwenye shida hiyo kwa saini ya baba kama mdhamini. Wengine wanasema hata watoto wa matajiri hawajui kupanga matumizi, na hilo pia ni kweli, ila kosa la mtoto wa tajiri hugharimu simu moja ya kuomba aongezewe. Pingamizi ninalolipa uzito zaidi ni kwamba kumpa kijana fedha bila mafunzo ni kumharibu. Mpango wa Opportunity Passport, ulioanzishwa na Jim Casey Youth Opportunities Initiative, unajibu vizuri: kijana anafundishwa, anafungua akaunti, anaweka akiba yake, na akiba hiyo inaongezewa kiasi kinacholingana nayo anaponunua kitu cha kudumu kama gari au kulipia masomo. Anajifunza akiwa na fedha mkononi, na akikosea bado kuna mtu wa kumuuliza.

Serikali yenyewe haiko nje ya lawama. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, bila jaji hata mmoja kupinga, kwamba jimbo la Washington halikuvunja sheria kwa kuchukua mafao ya hifadhi ya jamii ya watoto liliowalea ili kufidia gharama za kuwatunza. Katika mafao hayo mlikuwemo ya watoto waliofiwa na mzazi. Majimbo kadhaa yamebadili utaratibu tangu hapo. Lakini ni vigumu kumsimamisha mbele ya kijana ofisa wa taasisi iliyotumia mafao yake, amfundishe kuweka akiba.

Tangu mwaka 2011 sheria ya shirikisho inataka kila kijana wa malezi ya kambo apewe taarifa yake ya mikopo kila mwaka na asaidiwe kuisahihisha, kwanza kuanzia miaka 16, na baada ya sheria ya 2014, kuanzia miaka 14. Ni hatua kubwa. Bado inaacha swali ambalo sijaona likijibiwa. Ili kufuta deni la wizi wa utambulisho, mlalamikaji mara nyingi huombwa taarifa ya polisi au tamko la kisheria. Aliyekopa akiwa mama mzazi, ambaye kijana ameanza tu kuzungumza naye tena, anayetakiwa kumshtaki ni nani? Wapo watakaoona heri walipe deni lisilo lao. Na kuna suala jepesi zaidi: tangu 2018 mwakilishi wa mtoto aliye chini ya miaka 16 anaweza kufunga faili la mikopo la mtoto huyo bila malipo, asikopeshwe mtu yeyote kwa jina lake. Lakini sheria ya shirikisho inayolazimisha ukaguzi afikapo miaka 14 haijalazimisha idara za watoto kufunga faili siku ileile mtoto anapopokelewa, akiwa na miaka 4 au 9, wakati bado hakuna kilichoibwa.