Kuokoka: Ni kwa Imani au kwa Matendo?

Wapendwa wanavikundi wa Cheptiret, hebu tufikirie hivi. Mmoja wetu ameokoka, hukosi kumwona kanisani, lakini mkopo wa kikundi halipi. Mwingine haendi kanisani, lakini hulipa kila shilingi. Nani ataokolewa?

Paulo, katika Waefeso 2, anafundisha kuwa wokovu ni zawadi, si mshahara. Yakobo, sura ya 2, anaonya kwamba imani isiyo na matendo haina uhai. Jambo hili liliwatenganisha Martin Luther na Roma karne ya 16. Ilipofika tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Ujerumani, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja: Mungu hutupokea kwa neema, kwa njia ya imani, matendo mema ni matunda yake.

Hata hapa kwetu tumeyaona. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ulifika Kenya mwaka 1937. Waliookoka walitubu mbele ya watu, wakarudisha mali ya wizi na kulipa madeni. Hawakuwa wakinunua wokovu; ulikuwa umeshawabadilisha.

Basi huyo mwaminifu asiyesali? Hukumu ni ya Mungu, si ya kamati. Lakini deni ni letu, maana kuna mjane anayengojea zamu yake ya mkopo.

Ya kujadili kikundini:
1. Mdeni wetu amekataa kulipa, ama ameshindwa?
2. Tumsaidie vipi amalize deni?