Mwanaroboti au Mnyapara?

Ukipangiwa field Kayanga au Nkwenda, jiandae: kuna mwanafunzi atakuuliza mtaalamu wa roboti anaitwaje kwa Kiswahili. Wengi wetu tutajibu "mwanaroboti", kama mwanasayansi, tunaendelea na somo. Ila neno lenyewe lina historia ambayo mtoto wa Karagwe au Kyerwa ataielewa haraka, akielezwa vizuri.

Roboti limetoka kwenye tamthilia ya Mcheki Karel Čapek, iliyochapishwa 1920. Neno alipewa na kaka yake, Josef, aliyekuwa mchoraji. Kwa Kicheki, robota ni shokoa: siku ambazo mkulima alilazimika kumlimia mwenye ardhi bila malipo. Dola la Austria lilifuta shokoa hiyo 1848. Kwetu Ziwa Magharibi, ndiyo Kagera ya leo, kulikuwa na nyarubanja: mtwarwa analima, mtwazi anapelekewa fungu lake. Sheria ya kuwapa watwarwa ardhi yao ilikuja 1965 tu. Babu zetu wapo, waulizeni.

Jina la mtaalamu lilizaliwa baadaye, miaka ya 1940, kwenye hadithi za Isaac Asimov, Marekani.

Sasa, tukifuata asili, anayetengeneza na kusimamia watu wa shokoa si "mwana" wao. Ni mnyapara! Mimi darasani nitasema "mtaalamu wa roboti", halafu niulize: mashine ikichambua kahawa yenyewe, ujira wa mama aliyekuwa akiichambua unakwenda kwa nani?