Gati la Matema kwa nguzo za Nyololo

Ukitaka kujenga gati dogo la mitumbwi Matema, kwenye Ziwa Nyasa, kuna atakayekwambia utafute mkongo. Ushauri huo unafaa zaidi baharini, kwenye viumbe wanaotoboa mbao za chini ya maji. Ziwa Nyasa ni maji baridi. Viumbe hao hawamo. Adui mkuu wa nguzo huko ni kuvu, naye hushambulia pale maji yanapopanda na kushuka, penye unyevu na hewa pamoja. Sehemu inayozama muda wote hukaa sana.

Kwa hiyo nguzo yako inaweza kutoka huku Nyololo, kwenye miti ya kupandwa ya Mufindi, mlingoti (mkaratusi) au paini, ikateremshwa kwa lori kupitia Uyole, Tukuyu na Kyela.

Mlingoti usiotiwa dawa ndio wa bei ya chini. Tuseme, kwa mfano tu, mmoja ni shilingi 20,000 na wa dawa ni 60,000. Usio na dawa ukioza kila baada ya miaka 4, ndani ya miaka 20 utanunua 5: tayari 100,000, bado fundi na kazi ya kung'oa nguzo huku watu wanashusha samaki. Mkongo utadumu, lakini unatoka msitu wa asili, hukua polepole, na una kibali chake na hati ya kusafirishia. Zege nalichagua kwa boti kubwa tu. Sementi inatoka Songwe, si mbali, ila nondo na kokoto hadi ufukweni ni safari nyingine.

Muulize muuzaji kipimo cha dawa. Kwa viwango vya Afrika Kusini, nguzo ya ardhini ni daraja la H4, kilo 12 kwa mita ya ujazo. Ya maji baridi ni H5, kilo 16. Mwambie akate kipande uone: paini hunywa dawa hadi ndani, lakini kiini cha mlingoti hakinywi, rangi ya kijani inaishia pembeni. Ndiyo maana mimi hapa nachukua paini. Na fundi asikate kitako. Kama ni ndefu, apunguze juu.

Dawa hiyo ya kijani ina aseniki. Vipande visiende jikoni, na samaki wa usipa wasianikwe juu ya mbao hizo.