Picha ya kiwandani bila hesabu ni pambo tu

DESEMBA 1908 mpiga picha mmoja aliingia katika kiwanda cha kusokota nyuzi za pamba huko Whitnel, jimbo la North Carolina, Marekani, akampiga picha binti mdogo aliyekuwa akihudumia pande nne za mashine. Kisha akaandika maelezo: urefu inchi 51, yaani kama sentimita 130; kiwandani ana mwaka mmoja; mara nyingine hufanya kazi usiku; ujira senti 48 kwa siku. Alipoulizwa umri, binti alisita, akasema hakumbuki, halafu akanong'ona kwamba hajafikia umri wa kuajiriwa ila anafanya kazi hivyo hivyo. Kati ya wafanyakazi 50 wa kiwanda hicho, watoto wa kimo chake walikuwa 10.

Mpiga picha huyo ni Lewis Hine, mwalimu wa shule aliyeacha darasa mwaka huo ili afanye kazi na Kamati ya Taifa ya Kazi za Watoto, iliyoundwa mwaka 1904. Pamoja na viwanda vya pamba, alipita katika viwanda vya kusindika kamba na chaza, na katika mashamba ya viazisukari.

Sisi tunaoshughulika na uchumi wa mazao, maelezo yale yanatushika kuliko hata picha yenyewe. Yana nguvukazi, tija, ujira na uwiano wa watoto kwa wakubwa, vyote katika mistari michache. Lakini namba zile peke yake mwenye kiwanda angezikana. Hine alimsimamisha mtoto kando ya mashine, na mashine ikawa rula: kila anayetazama anapima mwenyewe. Pale asipoweza kupima waziwazi alitumia vifungo vya koti lake, ambavyo alijua kila kimoja kiko urefu gani kutoka chini, huku mkono ukiandika ndani ya mfuko. Wenye viwanda hawakumpenda, hivyo mara nyingine aliingia kwa kusema amekuja kupiga picha mitambo.

Matokeo hayakuja kesho yake. Sheria ya shirikisho ya kuzuia kazi za watoto ilipitishwa mwaka 1916, Mahakama Kuu ikaifuta mwaka 1918, na ile iliyodumu ilikuja mwaka 1938. Hine alifariki mwaka 1940 akiwa maskini.

Mwingine anayestahili kutajwa katika kurasa hizi ni Sebastião Salgado wa Brazil, aliyefariki mwaka 2025. Huyu alikuwa mchumi kama sisi. Alifanya kazi Shirika la Kimataifa la Kahawa jijini London, akaiacha mwaka 1973 na kushika kamera. Kitabu chake kuhusu wafanyakazi, kilichotoka mwaka 1993, kina wakata miwa, wachimba dhahabu na wachuma chai wa Rwanda. Wapo waliomlaumu kwamba anaipamba shida. Nadhani lawama hiyo ina ukweli kiasi, kwa sababu maelezo ya namna kazi inavyofanyika yaliwekwa katika kijitabu cha pembeni. Asiyekifungua anabaki na misuli na jasho.

Turudi kwetu. Kalenda na ripoti za kampuni zetu za mazao zimejaa mama anayetabasamu na kikapu kilichofurika. Amelipwa kiasi gani kwa kilo? Picha haisemi. (Sakafu nayo huwa imefagiliwa, ndivyo inavyokuwa siku ya wageni.)

Anayetaka kupiga picha za maana katika kiwanda cha kuchambua pamba, tuseme Kanda ya Ziwa, aanzie kwenye mizani na kufuata mzigo hadi kwenye marobota. Pamba mbegu ikichambuliwa, nyuzi ni kama theluthi moja tu ya uzito, sehemu kubwa ya iliyobaki ni mbegu. Marundo hayo mawili yakionekana pamoja, mkulima ataelewa kwa nini bei ya mbegu nayo inamhusu. Kila hatua aandike watu wangapi, saa ngapi, na kama wanalipwa kwa siku au kwa robota. Vumbi la pamba, ambalo huleta maradhi ya mapafu, halionekani vizuri taa ikimulika kutoka mbele. Asimame mwanga wa dirisha ukitokea nyuma ya mfanyakazi, ndipo litaonekana likielea, na kama amefunga pua kwa kitenge badala ya barakoa, hilo nalo litaonekana.

Liko jambo moja ambalo Hine hakulimaliza. Yeye aliondoka, na aliowapiga picha walibaki na bosi yule yule. Ruhusa ya meneja haitoshi; mfanyakazi aulizwe akiwa peke yake, aambiwe picha inakwenda wapi. Akikataa jina lake lisiandikwe, basi lisiandikwe. Ujira wake uandikwe.