Fahamu: Solomon Eliufoo, Mmachame aliyemng'oa Mangi Mkuu

Tangu Rais Samia asimikwe Chifu Hangaya mwaka 2021, habari za machifu zimerudi vinywani mwa watu. Uchagani, umangi, yaani uchifu wa Wachaga, ulitikiswa na kura kabla hata ya uhuru. Thomas Marealle wa Marangu alikuwa Mangi Mkuu tangu 1952. Solomon Eliufoo, mwalimu Mlutheri wa Machame, akaongoza Chagga Democratic Party kudai kiongozi wa kuchaguliwa. Kura ya 1960 ikamaliza enzi ya Marealle, na Eliufoo akawa Rais wa Wachaga. Baadaye alikuwa Waziri wa Elimu wa Nyerere. Mwaka 1963 serikali ilifuta mamlaka ya machifu. Kwangu, Eliufoo anastahili kufundishwa shuleni.