Bila faili za njia, picha za nyotamkia hazina maana

NAHODHA wa jahazi katika Bandari ya Kale, Mombasa, ajua kwamba kipimo cha kina hakimfai mwenzake asipotaja kilipopimwa na saa ngapi, kwani maji hujaa na kupwa.

Ndivyo ilivyo kwa Rosetta, chombo cha Shirika la Anga za Juu la Ulaya, kilichorushwa mwaka 2004 na kuifikia nyotamkia 67P/Churyumov-Gerasimenko mnamo Agosti 2014. Picha zake huambatana na faili za njia: moja hueleza chombo kilikuwa wapi, nyingine kilielekea upande gani, na nyingine husawazisha saa yake na ya duniani.

Zipo faili za makadirio, na zilizosahihishwa baadaye kwa vipimo halisi. Za makadirio hupakiwa kwanza, kwa sababu faili mbili zikipingana, programu ya SPICE ya NASA hufuata iliyopakiwa mwisho. Anayekosea mpangilio huo haonywi. Hupewa jibu, lakini si la kweli.

Safari ilikoma Septemba 30, 2016. Faili hizo zapatikana bila malipo. Mwanafunzi wa Mombasa mwenye tarakilishi na intaneti aweza kuifuata njia ile upya, mradi azipange ipasavyo.