Unafuu wa Kodi na Mahali pa Kujenga Kiwanda: Mfano wa Arua na Koboko

Makala haya yanaeleza kwa nini unafuu wa kodi ulio sawa nchini kote hauvuti viwanda kwa usawa. Mfano unaotumika ni Arua na Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda.

Kwa miaka kadhaa, Sheria ya Kodi ya Mapato ya Uganda ilimruhusu mwekezaji kuondoa nusu ya gharama ya mitambo katika mapato yanayotozwa kodi, endapo mitambo hiyo iliwekwa zaidi ya kilomita 50 kutoka mipaka ya Kampala. Mpaka huo uliiweka Jinja, iliyo umbali wa kilomita 80 hivi, katika kundi moja na Arua, iliyo karibu kilomita 500. Jinja ipo kwenye barabara kuu ya kuelekea Mombasa, na bwawa lake la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Arua ilitegemea jenereta na mtambo mdogo wa Nyagak wa megawati 3.5 hadi ilipofikiwa na gridi ya taifa mwaka 2024. Kwa unafuu ule ule, mwenye kiwanda alikuwa na kila sababu ya kuchagua Jinja.

Sababu ya pili imo katika kodi yenyewe. Kampuni hutozwa asilimia 30 ya faida. Kiwanda chenye faida ya shilingi milioni 100 kikisamehewa kodi huokoa milioni 30. Kile ambacho faida yake imemezwa na dizeli na nauli za malori hakiokoi chochote. Msamaha humnufaisha zaidi aliyekwisha kupata mahali pazuri.

Kuhusu ajira, msamaha wa miaka 10 uliowekwa baadaye uliambatana na sharti la kuajiri raia wasiopungua asilimia 70. Sharti hilo lilitaja uraia, si ukaazi. Fundi aliyeletwa kutoka Kampala alihesabiwa sawa na kijana wa Koboko.

Hata hivyo, kodi ina uzito wake pale gharama nyingine zinapokaribiana. Barabara ya lami ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba inaunganisha mipaka ya Kongo na Sudan Kusini, na umeme wa gridi umefika. Kwa wasindikaji wa ufuta, mihogo na asali, soko liko karibu. Kwa hiyo, washauri wa sera wapime unafuu kwa umbali na gharama halisi, na sharti la ajira lizingatie wakaazi wa eneo husika.